Milima ya Tanzania kwa misimu: kila mtu ananiambia "epuka masika", lakini mlima upi?

Baba Watatu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi na mama watoto tumekubaliana kwamba mwaka huu likizo za shule hatuendi ufukweni. Watoto wamekulia Kigamboni, bahari wanaiona kila siku, na baridi wanayoijua ni ya kiyoyozi tu. Tunataka milima, kila likizo na mlima wake: yale mapumziko mafupi ya Aprili, Juni na Julai, Septemba, halafu Desemba. Wakubwa wana miaka 13 na 9, kitinda mimba 6. Gari ninalo, lakini ni dogo na limekaa chini.

Nimeuliza ofisini, jibu ni moja kama wimbo wa taifa: epuka masika, nenda Juni hadi Oktoba. Sasa mbona kuna jamaa kaenda Makete mwezi wa saba karudi analaani, baridi kali na hakuna cha kuona zaidi ya nyasi kavu? Na mwingine kaenda Moshi Julai hiyohiyo, kakaa wiki nzima, mlima hajauona? Naomba maelezo ya waliofika, si ya kwenye vipeperushi.

Siti ya Mbele

Nimeshakaa, naagiza kahawa. Uzi kama huu haupiti hivihivi.

Utingo Mstaafu

Mkuu, jibu la ofisini kwako si la uongo. Ni jibu la mtu mmoja tu: mgeni anayepanda Kilimanjaro mpaka Uhuru, mita 5,895. Limekaririwa hadi limegeuka sheria ya kila kilima nchini. Mimi nimezeekea kwenye magari ya Mbeya, Njombe na Tanga, nikwambie nilichokiona.

Nchi hii ina kalenda mbili za mvua. Mkanda wa mvua unalifuata jua. Kaskazini na Pwani unapita mara mbili, wakati wa kushuka kusini na wakati wa kurudi, ndiyo maana Lushoto, Moshi na Arusha wana vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kule Mbeya, Njombe, Iringa na Ruvuma mkanda unafika karibu na mwisho wa safari yake, unatulia hapo, ndipo unageuka. Wao wana msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Wasikilize TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitangaza mwelekeo: vuli wanaitaja kivyake, masika kivyake, na mikoa ya msimu mmoja wanaitenga.

Matokeo yake ni haya. Januari na Februari, Kilimanjaro kumekauka na watu wanapanda vizuri, huku Tukuyu mvua inanyesha usiku na mchana. Mei Lushoto wanakanyaga tope, Mbeya mvua imeshakata, milima bado ni ya kijani, na anga limeoshwa kiasi kwamba ukisimama mlima Loleza unaona mbali mno. Ukimwambia mtu wa Mbeya "epuka Mei" atakushangaa.

Kwa hiyo usiulize mwezi gani ni mzuri. Sema kwanza unataka kuona nini. Maua? Maporomoko ya maji? Kilele? Baridi tu na supu ya moto? Kila kimoja kina mwezi wake, na mara nyingi kizuri cha kimoja ni kibaya cha kingine.

Mpagazi wa Marangu

Utingo kanena. Naongezea la Moshi, maana hilo la Julai linawasumbua wengi.

Juni hadi Agosti mji wa Moshi unafunikwa na wingu zito la chini. Unaweza kukaa siku kadhaa usione hata kivuli cha Kibo. Lakini wingu lile liko chini. Ukishapita msitu na kutokea kwenye vichaka unakuta jua kali, anga la bluu, na hilo wingu liko miguuni kwako. Mpandaji anafurahi, aliyebaki hotelini analalamika, na wote wawili wanasema kweli.

Kama shida yako ni kuuona mlima ukiwa chini na familia, njoo Januari au Februari, uamke alfajiri. Ikifika saa tatu asubuhi mara nyingi umeshajifunika.

Kwa watoto hao sahau kilele. Wa chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda juu kabisa, na hata huyo wa 13 sikushauri. Chukueni safari ya siku moja, geti la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, mrudi jioni. Mtu mzima anatumia kama saa tatu kupanda. Huyo wa miaka 6 atapanda kwa furaha hadi katikati ya msitu, halafu atadai mgongo, na utakuwa mgongo wako, si wangu. Akifika Mandara akiwa bado na nguvu, malizieni na kreta ya Maundi, shimo la volkano ya kale, ni mwendo wa robo saa hivi.

Baba Watatu

Hapo kwenye mgongo nimecheka peke yangu. Je, ni lazima kuwa na mwongozaji kwa safari ya siku moja tu?

Mpagazi wa Marangu

Lazima. Na uje na kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni mbingu na ardhi. Malipo ni kwa kontrol namba, hakuna kumshikisha mtu noti getini. Akitokea wa kukwambia "nipe mimi nitakulipia", mpishe.

Shangazi wa Soni

Wanangu hamjambo. Naona mnazungumzia milima mikubwa, sisi wa Usambara mmetuacha.

Baba Watatu, gari lako dogo linafika Lushoto bila shida. Lami inaanzia Mombo hadi mjini. Ni kona juu ya kona, mkono mmoja mwamba, mkono mwingine bonde. Mombo unaacha joto la kukausha nguo ndani ya saa moja, ukifika Soni watoto wanaomba masweta. Kwa kawaida ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Magamba ni juu zaidi.

Juni na Julai ni kipupwe. Ukungu unaingia mpaka sebuleni, usiku joto linashuka karibu na nyuzi 10, na ukipanda Magamba ni chini zaidi. Nyumba nyingi za wageni hazina cha kupashia joto zaidi ya blanketi, kwa hiyo kabla hujalipa uliza: maji ya moto yapo? Jiko la kuni sebuleni lipo? Wapo wanaosema "yapo" kwa simu, ukifika unaletewa ndoo.

Sasa Desemba. Wanaopenda picha wanakimbilia Irente kuangalia Mazinde na mashamba ya mkonge kule chini. Nendeni, pazuri. Ila wanaokuja Agosti na Septemba wanakuta vumbi na moshi wa mashamba, bonde halionekani vizuri. Mvua ya vuli ikishapiga, asubuhi yake hewa ni safi na unaona mpaka nyikani. Halafu ndiyo wakati wa plamsi, na mapeasi yanafuata mwaka mpya ukianza. Kando ya barabara ya Soni utakuta kina mama wamepanga ndoo, plamsi nyekundu iliyoiva hadi ina unga wa kijivu juu ya ganda. Huo unga si dawa, msiusugue kwa nguo, ni dalili kwamba halijashikwashikwa.

Sumu ya Panya

Shangazi, mvua ya vuli hiyohiyo ndiyo inayoangusha mawe barabara ya Mombo. Mbona hilo hulisemi?

Shangazi wa Soni

Nalisema, baba, ulikuwa hujanipa nafasi. Mvua ikinyesha usiku kucha, msipande asubuhi mapema. Subirini Mombo, kunyweni chai, muwaulize madereva wa Hiace wanaoshuka. Wao ndio wanaojua kama kuna udongo umeporomoka. Na usiku msisafiri kabisa.

Katesh Damu

Niungane na shangazi, bila utani. Mimi ni wa huku Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua ilinyesha, tope, mawe na magogo vikashuka kutoka mlimani hadi Katesh, tukazika makumi ya watu. Ilikuwa asubuhi, wengine hawajatoka ndani. Msimu ule vuli ilizidi kipimo kwa sababu ya El Nino.

Sisemi watu wasije milimani Desemba. Nasema ukiona TMA wametangaza vuli ya juu ya wastani, usichukue nyumba iliyo kwenye mdomo wa korongo, hata kama ina mandhari ya kupendeza. Chukua iliyo kwenye mgongo wa kilima. Na ukisikia mto umebadilika ghafla, maji ya tope au yamepungua bila sababu, toka hapo.

Utingo Mstaafu

Pole sana kwa yaliyowapata, ndugu yangu. Ushauri huo ungebandikwa stendi.

Binti Makete

Mimi nina ugomvi na huyo jamaa aliyekuja kwetu Julai. Alikuja kufanya nini?

Kitulo, huku kwetu Makete, ni uwanda wa juu, mita 2,600 hivi. Juni na Julai tunaamka sakitu imelala kwenye nyasi nyeupe pee, viazi vya waliochelewa vimeungua, na ng'ombe wa shamba la maziwa wanatoa moshi puani. Kuna watu wanaopenda hivyo, karibuni. Lakini kama umekuja kwa sababu umesikia "Bustani ya Mungu", umekuja baada ya sherehe kwisha.

Maua yanaanza mvua zikianza, Novemba, na yanashamiri Desemba hadi Machi, mabaki unayakuta hadi Aprili. Na si kwamba yanachanua yote pamoja. Kila baada ya wiki chache rangi ya uwanda inabadilika: leo njano, ukirudi ni zambarau, ukirudi tena ni nyeupe. Orkidi za ardhini ziko aina zaidi ya 40. Nyingine ni ndogo, unazipita usipoinama. Mtoto wa miaka 6 ndiye atakayeziona kabla yako, macho yake yako karibu nazo.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 2005, na sababu mojawapo ilikuwa tumboni. Viazi vya hizo orkidi hupikwa chakula kiitwacho chikanda, vilichimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia. Ukiona mtu na jembe uwandani, si mkulima.

Kwa hiyo anayewaambia "epuka mvua" anawaambia mlipie kiingilio cha bustani msimu ambao haina maua.

Baba Watatu

Dada, umenishawishi kabisa. Lakini gari langu?

Binti Makete

Gari lako liache Chimala au Mbeya mjini. Njia ya kupandia Chimala kwenda Matamba ndiyo ile wanayoiita Hamsini na Saba, ni idadi ya kona, na ikilowa inateleza kama sabuni. Kodi gari la kuvuta miguu yote minne lenye dereva wa hukuhuku. Ukija kwa upande wa Njombe, lami inafika Makete, hapo hata gari dogo linaweza, ila kutoka hapo kwenda uwandani bado unahitaji gari la juu.

Na mfike asubuhi. Msimu wa maua mvua huwa ya mchana. Saa mbili mpaka saa sita mnatembea, saa saba wingu linafunga, saa nane mpo ndani mnakunywa maziwa ya moto.

Sumu ya Panya

Wote mnamtuma mtu mwenye watoto wadogo kwenye tope. Mimi nasimama na ofisini kwake: Juni hadi Oktoba, kavu, salama, basi. Mambo ya maua ni ya wapiga picha.

Utingo Mstaafu

Sumu, hoja yako ina uzito kwa mtu anayelala kwenye hema. Kwa familia inayolala nyumba ya wageni na kutembea asubuhi, mvua ya saa nane mchana haimnyimi mtu kitu. Anayeteseka kwa kweli ni yule aliyekwenda Makete Julai na sweta moja la ofisini.

Halafu kuna jambo mnalisahau: mlima mmoja haunyeshewi sawa pande zote. Upepo unaotoka baharini unamwaga mvua upande unaogonga kwanza. Uluguru upande wa Kinole, huko kwenye pilipili manga, hakukauki. Vuka uende Mgeta, mlima ni uleule, mvua ni kidogo zaidi, watu wanalima mboga kwa mifereji. Usambara ni vivyo hivyo: Amani karibu na bahari mvua haina miadi, Mambo upande wa nyikani kuna jua. Kilimanjaro nako, Machame ni tope, Rongai upande wa Kenya ni vumbi. Ukilazimika kusafiri mwezi wa mvua, chagua upande wa kisogo.

Mzee wa Nanyuki

Hamjambo majirani. Hata kwetu ni vilevile. Mlima Kenya, njia ya Sirimon huku Nanyuki ni kavu kuliko Chogoria, ingawa Chogoria ndiyo inayopendeza zaidi. Wanaotaka Point Lenana, mita 4,985, waje Januari na Februari au Agosti. Agosti kwetu ni likizo ya shule, kwa hivyo mkipanga jueni mtakutana na wanafunzi wengi. Aprili na Mei, kwenye milima ya Nyandarua barabara za ndani ya mbuga hazipitiki, msidanganywe na picha.

Siti ya Mbele

Na sisi wa bajeti ya kuungaunga? Tunatoka Dar Jumamosi, Jumapili usiku tuwe nyumbani.

Utingo Mstaafu

Morogoro. Tangu 2024 kuna treni ya SGR, safari haichukui hata muda wa saa mbili umeshuka. Kata tiketi mapema, wikiendi za sikukuu zinaisha. Ukishuka, bodaboda hadi kule juu, halafu miguu hadi Morningside, mlimani Uluguru. Septemba ni mwezi wake: jua si kali sana, njia imekauka. Kilele cha Lupanga ni mita 2,138, ni kupanda kwa kushika mizizi, hiyo waachie vijana. Aprili msiende, udongo wa Uluguru ukilowa unakushusha ulikotoka.

Wenye siku tatu waende Mang'ula, Udzungwa. Maporomoko ya Sanje yana kama mita 170. Baada ya mvua yanatisha, mwishoni mwa kiangazi yanakonda, lakini bwawa la chini linafaa kuogelea. Wekeni soksi juu ya suruali kwa ajili ya siafu.

Mwanyasa

Mmeiruka Rungwe kama haipo. Ziwa Ngosi ni mwendo wa saa moja na kidogo msituni, halafu unatokea ukingoni, maji yako chini kabisa ya kreta. Juni hadi Oktoba. Msimu wa mvua mnapanda kwa mikono, na mkifika ukungu umejaza shimo lote, mnaangalia pamba. Kwenye misitu ya Rungwe ndiko anakoishi kipunji, kima ambaye wataalamu walimtambua 2003, wakati wazee wetu walikuwa wanamtaja siku zote. Usimwahidi mtoto kwamba atamwona.

Baba Watatu

Wakuu, nimekaa na mama watoto jana usiku, tumefika hapa. Aprili tunakwenda Kitulo kukamata maua ya mwisho. Julai Lushoto kwa baridi. Septemba Morogoro kwa treni. Desemba Moshi, tupande hadi Mandara na tule sikukuu hukohuko. Mnasemaje?

Mpagazi wa Marangu

Desemba Moshi? Mkuu, Wachaga wote wanarudi nyumbani. Mabasi kutoka Mbezi yamejaa wiki kabla ya Krismasi, nauli inapandishwa kimyakimya, na nyumba za wageni zimeshikwa. Milima haina shida, tatizo ni watu. Sogeza Marangu Julai. Mkibahatika, kule Maundi mtakuwa juu ya wingu, si chini yake.

Binti Makete

Na Aprili nenda mwanzoni, usingoje mwishoni. Kama ruhusa ya kazi inagoma, badilisha: Kitulo iwe Desemba, baada ya tarehe 15 hivi, Aprili mbaki Dar.

Shangazi wa Soni

Mwanangu, mimi umeniwekea Julai tu, na Julai sasa umempa Mpagazi. Lushoto ni njia ya Moshi, unaipita Mombo. Lala kwetu siku mbili wakati wa kwenda, watoto wazoee baridi kabla ya Mandara. Masweta usinunue madukani. Karume Dar kuna mitumba mizuri, na mkisahau, Memorial pale Moshi mtapata majaketi ya wazungu ya kila saizi.

Baba Watatu

Basi imekaa hivyo: Julai Lushoto kisha Marangu, Septemba Morogoro, Desemba Kitulo. Aprili tunafanya usafi wa nyumba. Swali la mwisho kwa Utingo: gari ni automatiki. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo nifanyeje? Mama watoto anaogopa kile kipande cha Soni.

Utingo Mstaafu

Ana haki ya kuogopa. Usishuke na D ukikanyaga breki njia nzima. Weka gia ya chini, kwenye lako itakuwa L, B au 2, injini ishike mzigo, breki uziguse karibu na kona tu. Piga honi kwenye kona zisizoonekana, Hiace zinakuja katikati ya barabara. Ukianza kunusa harufu ya kuungua, tafuta sehemu pana, egesha, weka jiwe kwenye tairi, ngojeni nusu saa. Na usimwagie maji matairi ili yapoe haraka, utapindisha diski za breki.